Mpango mkakati wa manispaa yetu: nimeuchapisha kwa hela yangu, nimeusoma wote

Nauza vifaa vya ujenzi pembezoni mwa Dar es Salaam, huku kulikokuwa mikorosho mitupu na sasa watu wamejenga mpaka mabondeni. Manispaa siitaji jina, maana leseni yangu ya biashara naikata hapo hapo.

Kuupata tu ni kazi. Masjala walitaka barua. Nikapeleka, ikapigwa muhuri, kimya wiki mbili. Mwisho kijana mmoja wa mipango akanirushia kwa WhatsApp, dakika moja imefika. Steshenari wakanichapia kurasa 138 kwa shilingi 100 kila moja.

Niseme haki: sura ya hali halisi ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Kata kwa kata, zahanati zilizopo na zinazohitajika, madarasa, walimu, matundu ya vyoo. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Jedwali lao linaonyesha shule ya huku kwetu wasichana wanapanga foleni zaidi ya mara tatu ya hapo. Hawakuficha. Aliyekusanya takwimu zile alitembea kwa miguu, inaonekana.

Shida inaanza kwenye malengo. Lengo A, kupunguza maambukizi ya VVU. Lengo B, kupambana na rushwa. C, huduma za jamii, na kuendelea. Shemeji yangu yuko halmashauri ya mkoa mwingine kabisa, nikamwomba wa kwao: A ni Ukimwi, B ni rushwa. Hapo siwalaumu sana, muundo ule unashuka kutoka juu. Ila ukurasa wa 61 unasema tutawawezesha "wavuvi wa ziwani". Sisi na ziwa wapi na wapi? Mtu kanakili mpango wa wenzake akasahau kufuta.

Kilichoniuma zaidi ni kalavati. Wakati wa kukusanya maoni walikuja mtaani kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, tukakaa chini ya mwembe wa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwezeshaji akatandika karatasi kubwa chini, tukachora mtaa wenyewe kwa kalamu nene: shule hapa, kisima hapa, mto hapa. Yaani hicho ndicho kipande bora cha zoezi zima. Kuna mama anauza mihogo pale darajani, alimkatiza mwezeshaji: "Mwanangu, usituandikie lami. Tuandikie pa kuvukia tu, watoto wafike shule." Tukapiga kura, kalavati likawa la kwanza, zahanati ya pili, taa za barabarani za tatu.

Kwenye kitabu nimelitafuta kalavati langu kama mtu anatafuta jina lake kwenye matokeo. Halipo. Limegeuka "mazingira wezeshi ya miundombinu kuboreshwa" ndani ya miaka mitano, kiashiria chake "idadi ya vikao vya uratibu". Nikamfuata mtendaji wa mtaa, akanicheka kidogo. Akasema, "Mzee, barabara tangu 2017 ziko TARURA. Sisi tunaomba kama wewe unavyoomba." TARURA ndio wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Halafu akanieleza habari ya ukomo wa bajeti: mtaa unaandika, kata inachuja kwenye WDC, yaani kamati ya maendeleo ya kata, madiwani wanapitisha, lakini hela haivuki ukomo ambao manispaa inaletewa. Dakika kumi za mtendaji yule zimenifundisha kuliko kurasa 138. Kwa nini maelezo hayo hayamo kwenye mpango, hata ukurasa mmoja? Mwananchi angejua mlango wa kugonga.

Nawapa nyota mbili na nusu kati ya tano. Mbili za takwimu, nusu ya yule kijana wa WhatsApp. Kama unataka kuusoma wa kwenu, ruka dira na dhima, nenda moja kwa moja kwenye majedwali ya nyuma, kisha omba bajeti ya mwaka inayoanza Julai uweke kando kwa kando. Kilichomo kwenye vyote viwili ndicho cha kusubiri.

Vuli imeanza. Pale pa kuvukia kwa sasa kuna mirunda minne na mbao mbili, nimezitoa dukani kwangu, na mama wa mihogo ndiye anayewashika watoto mkono.