Kinanda cha Mabomba au Spika: Muziki wa Ukumbi wa Kuteleza

Katika ukumbi wa Oaks Park, Portland, jimbo la Oregon, wanaoteleza kwa viatu vya magurudumu huchezewa ama muziki wa kurekodiwa, ama kinanda cha mabomba cha kampuni ya Wurlitzer cha mwaka 1926, kilichoundwa kwa ajili ya jumba la sinema enzi za filamu zisizo na sauti na kuhamishiwa hapo mwaka 1955. Spika hazina usumbufu: kitufe kikibonyezwa, vijana hupata nyimbo wanazozijua. Kinanda kinadai matunzo zaidi, kwani lazima feni ya umeme isukume hewa hadi kwenye mabomba, ngozi za vali huchakaa, na joto likibadilika sauti nazo hupanda au kushuka. Hata hivyo, mabomba ambayo kwenye sinema yangefichwa nyuma ya ukuta, hapa yamewekwa peupe juu ya vichwa vya wanaoteleza, hivyo anayepita chini yake huhisi noti za besi kifuani kabla hajazitambua kwa masikio. Tena mpigaji, akiona dansi imenoga, huurefusha wimbo bila kuvuruga mapigo, jambo ambalo rekodi haiwezi. Kwa mtoto anayejifunza kusimama, spika zinatosha. Kwa waltzi, dansi ya mapigo matatu, mimi ningechagua kinanda.