Mwezi wa sufuria ufukweni Bagamoyo: nendeni mkauone

Nakaanga samaki karibu na mnada wa Bagamoyo, huu mwaka wa kumi na tisa, na mwezi nautazama kila siku kwa sababu ndio unaonipangia kazi. Niliposikia kuna vijana wamesimamisha sanamu ya mwezi inayozunguka pale juu ya ufukwe, nilizima jiko mapema, nikamchukua mjukuu wangu, tukaenda baada ya isha. Kiingilio hakuna. Chukueni mkeka, viti ni vichache, na msikae upande wa jenereta.

Dunia ni boya kuukuu la wavuvi, upana wake kama sentimita 40. Mwezi ni sufuria mbili ndogo zilizounganishwa midomo na kugongwa mpaka zikawa duara, robo ya boya, kama ulivyo mwezi wenyewe. Umeshikwa na mkono wa chuma unaozungushwa taratibu na mota, mnyororo wa baiskeli na makapi ya jahazi, yale magurudumu ya kupitishia kamba. Bahari ni tyubu ya gari iliyopakwa bluu, imelizunguka boya. Mwezi ukipita, kamba zinaivuta tyubu inatuna upande wa mwezi, na upande wa mgongoni nao unatuna.

Hapo nilikaa sana. Maji kujaa mara mbili kwa siku nakujua tangu utoto, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Lakini sababu yake sikuwahi kuiona kwa macho. Kwenye boya wamepigilia kisumari chekundu, ndiyo Bagamoyo. Boya linazunguka, kisumari kinapita nundu ya kwanza, kinapita ya pili. Kikimaliza mzunguko, mwezi umeshasogea mbele, inabidi kiufuate kidogo. Ndizo zile dakika 50.

Mjukuu wangu yeye aliona kibonyeo kwenye sufuria. “Bibi, mbona kinaangalia boya tu?” Kijana wa mtambo akamjibu vizuri, kwa subira: mwezi hujizungusha mara moja kila unapoizunguka Dunia mara moja, siku 27 na ushei, ndiyo maana tunaonyeshwa uso uleule siku zote.

Nyuma ya sanamu wametundika tanga la jahazi kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, na projekta inarusha juu yake picha za mwezi zilizopigwa na Lunar Reconnaissance Orbiter, chombo cha Wamarekani kilichorushwa 2009. Upepo ukiingia, yale mashimo ya mwezini yanajaa na kunywea kama yanapumua. Tanga lina kiraka kimoja cha kaki, kimeshonwa kwa mkono, uzi mnene. Shimo kubwa lilipopita juu ya kiraka, niliihesabu mishono ndani yake. Wasije wakabadilisha wakaweka kitambaa kipya.

Sasa kasoro, na hii si ndogo. Taa kubwa pembeni ndiyo Jua. Mwezi ukiwa upande wa pili wa boya, yaani mwezi mpevu, tyubu inatuna kwelikweli. Ukija katikati ya taa na boya, inanywea. Hapana! Maji ya bamvua, yale yanayopanda sana, ni mara mbili kwa mwezi, mpevu na mwandamo, kwa kuwa mara zote mbili Jua na mwezi huvuta kwenye mstari mmoja. Maji mafu, yale yanayopanda kidogo, ni mwezi ukiwa nusu. Mimi bahari ilinifikia mafigani usiku wa giza, mwezi hauonekani kabisa, ikaondoka na ndoo mbili za samaki wa chumvi. Mtoto wa Bagamoyo asifundishwe kwamba usiku ule hakuna bamvua.

Nilimwambia yule kijana. Akanishika mkono, “Mama, njoo uone,” akafungua kifuniko cha chini. Kuna kisahani cha bati kinachosukuma kamba, kina nundu moja. Akaweka kidole upande wa pili, akaniuliza, “Hapa?” Nikamwambia hapo hapo, na iwe na kimo kama cha mwenzake.

Jumamosi narudi kuangalia kama ameiongeza.