Putu piring ya Geylang Serai: ile hapohapo

Mimi ni mpishi wa meli, mtu wa Tanga, nimelelewa kwa vitumbua vya mama. Ukinisifia kitu cha mchele na nazi, kwanza nacheka. Safari hii tulitia nanga Singapore, nikapata ruhusa ya saa sita. Nikapanda treni mpaka Paya Lebar, nikamalizia kwa miguu hadi Geylang Serai, mtaa wa Wamalay, kufuata putu piring, keki ndogo ya unga wa mchele inayopikwa kwa mvuke.

Kibanda hakina hata kiti, lakini foleni unaiona kwa mbali. Nilisimama dakika ishirini na tano na sikuchoka, maana macho yalikuwa kazini. Mama mmoja anajaza unga wa mchele kwenye kisahani cha bati (piring ni sahani kwa Kimalay). Unga wenyewe una unyevu tu: ukiubana unashikana, ukiugusa unamomonyoka. Katikati anatia sukari nyeusi iliyokatwakatwa, anafunika kwa unga mwingine, anaviringisha na kitambaa chembamba kama melimeli, anapindua juu ya tundu la mvuke. Dakika tatu hazifiki. Hamira hakuna, yai hakuna, mafuta hakuna.

Sukari ndiyo iliyonimaliza. Inaitwa gula melaka, nayo ni maji ya mnazi yaleyale ambayo kwetu mgema akiyashusha yanaishia kuwa tembo. Wao huyachemsha yangali matamu mpaka yagande. Nimekulia chini ya minazi na sijawahi kuona mtu wa kwetu akifanya hivyo. Niliona wivu, nasema kweli. Sukari guru ya miwa inakaribia, ila haina kile kiharufu cha moshi.

Unapewa ya moto, imekaa juu ya kipande cha jani la pandani, ndugu yake mkadi, na nazi iliyokunwa yenye chumvi kidogo. Nazi hiyo usiiache pembeni. Bila chumvi ile, ya pili ingenikinai. Ukiuma, unga unalegea kama theluji ya friji, kisha sukari inakutoka kidevuni. Shati langu jeupe lina ushahidi.

Sasa lawama. Tano nilizipata kwa dola 4 za Singapore, bei sina ugomvi nayo. Lakini nilirudi kuongeza wakati foleni imerefuka, na zile za pili zilitolewa haraka: mbili sukari yake ilikuwa bado vipande, unga wa kati mkavu unakwama kooni. Mvuke hauna njia ya mkato.

Kosa jingine ni langu mwenyewe. Nilibeba kumi kwa ajili ya wenzangu, ndani ya boksi lililofungwa. Kufika melini zilikuwa zimeganda kama chaki, nazi imeanza kuchacha. Serahangi wetu, Mfilipino, alikula moja kwa adabu, akaiteremsha kwa chai. Akaniambia kwao kuna mdogo wa putu piring anayeitwa puto bumbong, na huyo naye hapandi boti, huliwa palepale anapopikwa.