Kuchagua mbinu ya kupunguza mashavu ya ndani ya uke: tathmini ya kliniki mbili

Tathmini hii inahusu huduma mbili za ushauri wa upasuaji nilizozilipia kwa tatizo moja, ya kwanza Dar es Salaam na ya pili Nairobi, pamoja na upasuaji wenyewe uliofanyika katika kliniki ya pili. Sitazitaja kwa majina, kwa kuwa ninayo malalamiko juu ya zote mbili, ingawa hayalingani kwa uzito. Ninachotaka kukipima hapa ni namna kila daktari alivyofikia uamuzi wa mahali pa kupitisha kisu.

Mimi ni afisa ugani, nina miaka 37 na watoto wawili, na sehemu kubwa ya siku yangu ya kazi hupita juu ya pikipiki katika barabara za vumbi na makorongo. Baada ya uzazi wa pili shavu la ndani la upande wa kulia lilibaki refu kuliko la kushoto, likawa linajikunja na kubanwa kati ya mwili na kiti, hata msimu wa kilimo ulipopamba moto nikawa narudi nyumbani na michubuko inayowaka kila ninapokwenda haja ndogo. Daktari wa magonjwa ya wanawake ndiye aliyenichunguza kwanza. Alihakikisha kuwa sina fangasi wala ugonjwa wa ngozi, kisha akaniagiza nguo za ndani za pamba zisizobana, mafuta ya mgando kabla ya safari na kiti chenye sponji nene. Niliyafuata maagizo hayo kwa miezi minane. Yalisaidia siku za kawaida, lakini siku za safari ndefu hayakufua dafu, na hapo ndipo aliponiandikia barua ya rufaa.

Kliniki ya Dar es Salaam inapendeza machoni: kiyoyozi, maji ya kunywa yenye vipande vya limau, mapokezi ya heshima, na orodha ya bei ndani ya fremu ambamo huduma niliyoifuata imeandikwa chini ya kichwa cha habari "Urembo". Daktari alinipa dakika zisizozidi kumi na tano. Alinitazama kwa muda mfupi, hakupima chochote, akanifungulia kwenye tableti picha za wanawake kabla na baada ya upasuaji, zile za baada zikiwa zimefanana zote kama matofali ya kalibu moja, kisha akasema kwamba angepunguza pande zote mbili ziwe sawasawa na zisionekane nje kabisa. Nilipomuuliza kama iko mbinu nyingine alijibu, "Dada yangu, mbinu ni nyingi lakini mwisho wake ni mmoja. Sisi tunatumia leza."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niage. Leza ni chombo cha kukatia, kama kisu au mkasi. Anayekutajia chombo amekuambia atakata kwa kutumia nini, hajakuambia atakata wapi, atabakisha kiasi gani, wala mshono utapita upande upi. Tena wasomaji wasichanganye upasuaji huu na matibabu ya leza au mawimbi ya redio yanayouzwa kwa jina la kuurudishia uke ujana, ambayo ni biashara nyingine kabisa, na ambayo mwezi Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliyatolea onyo kwa kuwa usalama na ufanisi wa vifaa hivyo kwa kazi hiyo haukuwa umethibitishwa.

Nairobi nilikwenda kwa basi, nikiwa na barua yangu ya rufaa, na nashukuru niliibeba, kwa sababu ndiyo iliyoombwa kabla ya kitu kingine chochote. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inayopiga marufuku ukeketaji haimwachi nje mwanamke mtu mzima, hata akiridhia mwenyewe, na daktari mmoja alipoipinga mahakamani akidai kuwa mtu mzima aachiwe hiari yake, Mahakama Kuu iliitupa hoja hiyo Machi 2021. Kinachoruhusiwa ni upasuaji unaofanywa na mtaalamu aliyesajiliwa kwa sababu ya afya ya mwili au ya akili ya mgonjwa. Kwa hiyo kliniki ile iliniandikia faili kama mgonjwa mwenye michubuko inayojirudia, na sababu ya upasuaji ikaandikwa kwa ukamilifu. Wengine wataona huo ni usumbufu; mimi niliona ni mara ya kwanza mtu kuniuliza kwa maandishi ninaumwa nini.

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinihoji karibu nusu saa kabla hajaniomba nipande kitandani. Alitaka kujua panapouma ni ukingoni, katikati au juu karibu na govi la kinembe. Kama maumivu huja nikikaa, nikitembea au nikiwa na mume wangu. Kama nina kisukari. Kama navuta sigara. Na kama nategemea kuzaa tena. Kisha alinipa kioo cha mkononi ili nione anachokiona yeye, akapima kwa rula laini kutoka kwenye shina la shavu hadi ukingoni bila kulivuta kwa nguvu: sentimita nne na nusu kulia, tatu kushoto. Nikadhani sasa ataniambia kuwa nimezidi. Badala yake alinieleza kwamba utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2005 uliwapima wanawake 50 na kukuta upana wa mashavu ya ndani ukianzia milimita 7 hadi milimita 50. "Kwa hivyo wewe uko ndani ya kawaida, mama," akasema. "Hatukati kwa sababu ya rula. Tukikata, ni kwa sababu ya pikipiki."

Hapo alishika ncha ya kanga niliyokuwa nimejifunika miguuni, ambayo yeye aliiita leso kama watu wa huko wanavyoiita, na maelezo aliyonipa kwa kitambaa kile yalinifaa kuliko mchoro wowote nilioutazama baadaye.

Mbinu ya kwanza, iliyoelezwa katika majarida ya upasuaji na Hodgkinson na Hait mwaka 1984, ni ya kukata ukingo. Ni sawa na kukata pindo lote la kanga na kupiga mshono mahali pindo lilipokuwa. Ni rahisi kuliko nyingine, mshono wake haufumuki kwa urahisi kwa sababu hauvutwi, na inaondoa ule ukingo mweusi ambao baadhi ya wanawake hawaupendi na ambao kwa wengine ndio uliojaa sugu. Hasara yake ni kwamba pindo la asili limekwenda na halirudi. Kovu linakaa ukingoni penyewe, penye neva nyingi, na daktari akikata kwa mstari ulionyooka kovu linaweza kujivuta likafanya mikunjo. Akikata kupita kiasi, hakuna wa kukurudishia. Tena ukingo ukiondolewa bila kulifikiria govi la kinembe lililo juu yake, govi hilo hubaki limetokeza mbele kuliko zamani.

Mbinu ya pili ni ya kabari, ambayo Gary Alter aliichapisha mwaka 1998. Hapa pindo haliguswi isipokuwa sehemu moja: unakata pembetatu katikati ya mji wa kanga hadi kwenye pindo, unaitoa, kisha unakutanisha pindo na pindo. Ukingo wa asili unabaki na mshono unapita kwa kukingama, umejificha. Lakini pande mbili zilizokuwa mbali zinalazimishwa kukutana, na kitu kinachovutwa hufumuka. Ndiyo maana kinachoogopwa zaidi katika mbinu hii ni mshono kuachia na kuacha pengo au tundu. Kwa mvutaji wa sigara hatari hiyo huongezeka. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi lipo jambo jingine, kwamba rangi ya ukingo si moja kutoka juu hadi chini, na pindo la kahawia nzito likiungana ghafla na pindo lililopauka, mpaka wake huonekana. Ipo pia kabari inayokatwa upande wa chini, ambayo Rouzier na wenzake nchini Ufaransa waliiripoti mwaka 2000 baada ya kuwafanyia wanawake 163, na zipo namna za kukata kwa umbo la Z au W ili kuupunguzia mshono mvuto. Hizo alizigusia tu, nami nazigusia tu.

Ya tatu, ambayo Choi na Kim wa Korea waliitangaza mwaka 2000, haikati shavu likatoboka. Daktari anakwangua ngozi ya juu katikati, ndani na nje, kisha anaishona sehemu ile ijikunje, kama fundi anavyopiga pindo la ndani kufupisha gauni bila kulikata. Neva, mishipa ya damu na ukingo vyote vinabaki. Kwa shavu jembamba lililozidi kidogo ni mbinu ya upole. Kwa shavu nene kama langu, nyama iliyokunjwa ingebaki kuwa uvimbe wa kukalia.

Daktari hakuficha kwamba mwenyewe anapenda kabari na ndiyo aliyoifanya kwa wengi. Nilitarajia aniuzie hiyo. Lakini aliporudi kutazama ukingo wa kulia kwa taa, akapitisha kidole chenye glovu juu ya sugu iliyoachwa na misimu ya kiti cha pikipiki, alibadili mawazo mbele yangu: kabari ingeuhifadhi ukingo ule ule unaoniumiza, na mshono wenye mvuto usingempendeza mtu ambaye kazi yake itamrudisha barabarani. Akapendekeza kukata ukingo, kwa mstari wa mawimbi, upande wa kulia peke yake, na kubakisha zaidi ya sentimita mbili. La kushoto halisumbui, kwa hiyo halitaguswa. "Hayatalingana," akaniambia. Nikamjibu kwamba hata hapo awali hayakulingana.

Msomaji makini ameshaona kichekesho cha jambo hili, nacho ndicho kiini cha tathmini yangu: nilivuka mpaka na kulipa karibu mara mbili ili nifanyiwe mbinu ambayo, kwa kadiri ninavyoelewa sasa, ndiyo ile ile niliyoikimbia Dar es Salaam. Sijuti. Kwa jina mbinu ni moja, lakini mmoja angenikata pande mbili hadi karibu na shina kwa sababu ndivyo anavyowakata wote, na mwingine alinikata upande mmoja kwa kiasi kilichotokana na jibu la swali alilouliza. Wa kwanza sina ushahidi kwamba ni fundi mbaya. Nina ushahidi kwamba hakuuliza.

Upasuaji ulichukua chini ya saa moja kwa ganzi ya sehemu, lidokaini iliyochanganywa na adrenalini ili kupunguza damu. Mistari ilichorwa kwa kalamu kabla ya sindano, kwa sababu dawa ikishaingia sehemu yote huvimba na vipimo vyake havina maana tena. Nilishikilia kioo na kuukubali mstari kabla haujafuatwa. Nyuzi zilikuwa za kuyeyuka. Sindano ya kwanza inauma, asikudanganye mtu. Siku ya tatu uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nililia nikidhani nimeharibiwa, ingawa nilikuwa nimeonywa. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na kulala chali vilinifaa kuliko vidonge. Wiki sita nilikaa bila tendo la ndoa na bila pikipiki, na mimi niliongeza mbili kwa hofu yangu. Sasa ni mwezi wa tano, na safari ya kilomita sitini haiachi mchubuko. Mwishoni mwa mshono kuna kijisehemu kigumu kama punje ya mchele ambacho kinalainika polepole.

Shangazi wa mume wangu, Mnyarwanda aliyeolewa Karagwe, alipopata habari alishika kichwa. Kwao, kama ilivyo kwa Waganda, mashavu marefu ni heshima ya mwanamke, na desturi ya kuyavuta yarefuke wao huiita gukuna. "Mwanangu," akaniuliza, "yaani wamekuibia, na hela ukawapa wewe?" Namtaja kwa sababu kila aliyenionyesha picha za "kawaida" alikuwa na nchi yake kichwani.

Malalamiko yangu kwa kliniki ya Nairobi ni matatu. Gharama ya chumba cha upasuaji niliambiwa asubuhi ya siku yenyewe, nikiwa nimeshavaa gauni la hospitali. Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na ingawa daktari alinisomea kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu, niliweka sahihi kwenye karatasi ambayo wengi wa wagonjwa wake wasingeweza kuisoma wenyewe. La tatu lilitokea wiki ya tatu, uzi mmoja ulipoachia na damu kidogo ikatoka. Niliandika ujumbe kwa namba ya WhatsApp niliyopewa, nikajibiwa baada ya siku mbili na mhudumu nisiyemfahamu, kwa maneno mawili: "Tuma picha." Nilizikumbuka zile picha za kwenye tableti ya Dar es Salaam, na wanawake wale ambao pengine nao walitumiwa ujumbe wa namna hiyo, nikamwandikia kwamba nitaeleza kwa maneno. Jioni daktari alinipigia simu mwenyewe, akaniuliza damu ni ya rangi gani na pedi imelowa kiasi gani, akaniambia ni uzi ulioyeyuka kabla ya wakati wake na nisiuvute.