Bima ya Dhima ya Kitaaluma kwa LPN Mpya: Uzoefu Wangu Hapa Minnesota

Baada ya kufaulu NCLEX-PN, mtihani wa leseni, na kupata leseni ya LPN (Licensed Practical Nurse, muuguzi wa ngazi iliyo chini ya RN, yaani Registered Nurse) hapa Minnesota, Marekani, nilinunua kwa fedha zangu bima ya dhima ya kitaaluma, yaani bima inayomlinda muuguzi anapodaiwa kwamba uzembe wake umemdhuru mgonjwa. Niliinunua kabla ya zamu yangu ya kwanza katika makao ya wazee yaliyoniajiri. Hakuna sheria ya Minnesota inayomlazimisha LPN kuwa nayo, na wengi wa wenzangu kutoka Afrika Mashariki wanaofanya kazi hizi hawana, kwa kuwa wameambiwa kwamba bima ya mwajiri inatosha. Mimi sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini.

Mwenzangu mmoja aliyetangulia kupata leseni alipokea barua ya Bodi ya Uuguzi, chombo cha jimbo kinachosimamia leseni za wauguzi, baada ya familia ya mzee aliyeanguka usiku kuwasilisha malalamiko. Alipokwenda kuomba msaada kazini, wakili wa kituo alimweleza kwa upole kabisa kwamba yeye anakiwakilisha kituo, na kwamba suala la leseni ni la muuguzi mwenyewe. Hakukuwa na kesi mahakamani wala mtu aliyedai fidia. Kilichokuwa hatarini ni leseni peke yake, lakini kuitetea kulihitaji wakili, na wakili alihitaji kulipwa. Hatimaye malalamiko yalitupiliwa mbali, ila fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya ujenzi nyumbani zilikuwa zimekwisha.

Hapo ndipo bima ya mwajiri inapofikia mwisho wake. Kwa kawaida humlinda muuguzi akiwa kazini kwa mwajiri huyo na katika mipaka ya kazi aliyopewa, na kinga hiyo anagawana na kituo chenyewe pamoja na wafanyakazi wengine. Maslahi ya kituo na ya muuguzi yanapotofautiana, kwa mfano kituo kinaposema kwamba utaratibu ulikuwapo na muuguzi hakuufuata, ni vigumu wakili mmoja kuwatetea wote wawili. Tukumbuke pia kazi ya LPN ilivyo katika makao ya wazee: jioni na usiku mara nyingi wewe ndiye muuguzi pekee mwenye leseni katika korido nzima, unasukuma kigari cha dawa chenye insulini na warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na wakati huohuo unawasimamia wasaidizi wa uuguzi wanaowageuza na kuwahamisha wazee. Msaidizi akimhamisha mzee peke yake ilhali mpango wa huduma unataka watu wawili, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama ulimpa maelekezo na kama uliyaandika.

Kununua bima yenyewe ni kazi nyepesi, nayo hufanyika mtandaoni. Fomu iliniuliza aina ya leseni, jimbo, kama nimeajiriwa au ninajitegemea, saa ninazofanya kazi kwa wiki, na kama nimewahi kushtakiwa au kuadhibiwa na bodi. Swali la kuajiriwa au kujitegemea lisijibiwe kwa haraka. Wapo wenzetu wanaofanya zamu za ziada kwa mkataba bila kukatwa kodi kwenye malipo yao, na kwa macho ya kampuni ya bima hao wanaweza kuhesabiwa kuwa wanajitegemea, jambo linalobadilisha bei. Jibu lisilo la kweli katika fomu hiyo linaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa kulipa siku ya shida.

Nililolichunguza zaidi kuliko bei ni kama bima inafuata tarehe ya tukio au tarehe ya dai. Bima ya aina ya kwanza, ambayo kwenye hati huandikwa occurrence, inalilinda tendo lililofanyika wakati bima ilipokuwa hai, hata kama dai litakuja miaka kadhaa baada ya wewe kuacha kuilipia. Ya pili, claims-made, inataka bima iwe hai siku dai linapowasilishwa, na ukiiacha unalazimika kununua kinga ya nyongeza ili usibaki wazi. Hapa Minnesota muda wa kufungua kesi ya uzembe wa kitabibu ni miaka 4, na katika miaka 4 LPN anaweza kuwa amebadilisha waajiri watatu, amehamia Texas, au amerudi Kisumu. Kampuni moja niliyoiandikia ilinipa bei ya chini sana kwa mwaka wa kwanza, na nilipouliza ndipo nikaelezwa kwamba ni aina ya pili na kwamba bei ingepanda kila mwaka. Nilichagua inayofuata tarehe ya tukio bila kusita.

Hati yangu ina kikomo cha dola 1,000,000 kwa kila dai, na dola 6,000,000 kwa madai yote ya mwaka. Hiki ni kiwango cha kawaida kwa wauguzi, nami naona kinatosha. Ninachokithamini zaidi ni sehemu ya utetezi wa leseni, ambayo ina kikomo chake tofauti na kidogo zaidi. Yule mwenzangu aliyepokea barua ya bodi angekuwa nayo, mashauri yake mbele ya bodi yangegharamiwa. Hati inanifuata pia nje ya kazi, kwa mfano tunapojitolea kupima shinikizo la damu la wazee wetu kanisani baada ya ibada. Si kila kampuni inaandika hivyo, kwa hiyo kipengele hicho kisomwe kwa macho yako mwenyewe.

Ina mipaka, na ni haki niitaje. Haigusi tendo la makusudi, na haimwokoi mtu na jinai. Kesi ya RaDonda Vaught wa Tennessee, muuguzi aliyetiwa hatiani mwaka 2022 kwa kosa la dawa lililosababisha kifo cha mgonjwa mwaka 2017, ilituogofya sote, lakini mtu asinunue bima hii akidhani kwamba ingemkinga na mwendesha mashtaka. Vilevile haimlindi LPN anayefanya kazi iliyo nje ya mipaka ya leseni yake. Kuhusu hofu kwamba mwenye bima huvutia mashtaka, mlalamikaji kwa kawaida hajui kama una bima hadi kesi iwe imekwisha kufunguliwa.

Kwa LPN aliyeajiriwa bei huwa dola 100 na ushei kwa mwaka, ikitofautiana kwa jimbo na kampuni, na baadhi ya kampuni huwapunguzia waliohitimu karibuni, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Ni fedha ninayoipata katika sehemu ya zamu moja. Sasa ninasomea RN, na nimekwisha kuuliza utaratibu: siku leseni mpya itakapotoka, nitaiarifu kampuni kabla ya kuanza kazi kwa cheo hicho, kwa sababu hati niliyo nayo imeandikwa kwa LPN na inalinda kazi ya LPN tu.