Uzoefu wangu: grauti mpya bafuni na dawa ya kukinga marumaru ya jikoni

Tulipohamia nyumba yetu ya Kigamboni, mianya ya vigae vya bafuni ilikuwa imejazwa saruji nyeupe iliyokorogwa kwa maji tu. Haikumaliza mwaka. Ilianza kutoa unga kila nilipopiga deki, ikaingia weusi ambao brashi haikuutoa, na mwishowe vigae viwili karibu na tundu la maji machafu vikaachia, kwa kuwa maji yalikuwa yameshapenya chini yake.

Fundi wa pili ndiye ninayemsifu, hasa kwa subira yake. Siku nzima ya kwanza aliimaliza kwa kukwangua saruji ile, kubandika upya vigae vilivyoachia na kuondoa vumbi mwanya kwa mwanya. Kwa kuwa mianya yetu ina upana wa milimita 5 hivi, alichagua grauti, yaani mchanganyiko maalumu wa kujazia mianya ya vigae, yenye mchanga laini, akinieleza kwamba isiyo na mchanga hufaa mianya isiyozidi milimita 3, na ikijazwa kwenye mipana zaidi husinyaa na kupasuka. Aliishindilia kwa mwiko wa mpira akiuvuta mshazari, kisha akafuta kwa sifongo lililokamuliwa hadi halidondoshi hata tone, kwani maji mengi huidhoofisha grauti mbichi na kuiachia mabaka. Pale sakafu inapokutana na ukuta aliweka silikoni, kwa sababu pande hizo hucheza na grauti ingepasuka.

Nilitaka apake dawa ya kuzuia maji siku ileile. "Mama, acha unyevu wa ndani utoke kwanza," akaniambia, akarudi siku ya nne. Vigae vyenyewe vina mng'ao na havinywi maji, hivyo dawa aliipitisha kwa brashi nyembamba juu ya grauti peke yake, na iliyogusa kigae akaifuta kabla haijakauka.

Kaunta ya marumaru jikoni aliipaka yote. Awali tone la maji liliacha doa jeusi kwa dakika chache. Baada ya dawa lilisimama kama lililo juu ya jani la magimbi. Hapa nina dukuduku na muuzaji wa dawa, aliyenihakikishia kwamba jiwe sasa halidhuriki kwa chochote. Nusu ya ndimu iliyolala juu yake usiku mmoja iliacha duara lililofifia, maana dawa huzuia madoa kuzama, lakini haizuii asidi kuula uso wa marumaru. Alipaswa kuniambia. Sasa ndimu nazikatia kwenye ubao, na kaunta naisafisha kwa sabuni isiyo kali, bila siki.

Kila mwezi hurudia jaribio la tone bafuni. Huu ni mwezi wa nane: la mlangoni bado limesimama, la chini ya bomba la mvua limeanza kuzama, na fundi atarudi Jumamosi kupaka sehemu hiyo.