Mbao za "dawa" nilizouziwa Goma kwa kizimba cha mboji

Depo la mbao ni la upande wa Birere, jina nalihifadhi. Niliuliza kitu kimoja tu: hii kalitusi imekauka? Jibu la muuzaji likaja mbele ya wateja wote: "Papa, ni mbao ya kutia takataka ao ya kitanda cha arusi?" Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilikuwa inangoja, nikalipa.

Ile "dawa" ya kuzuia kuoza ni mafuta machafu ya gari yaliyopakwa kwa brashi. Kata ncha ya ubao kwa msumeno utaona: weusi umeishia juu juu, ndani mbao iko vilevile. Mboji ikichemka vizuri inafika digrii 60. Hapo mafuta yanalainika na kuchuruzika ndani ya mbolea, pamoja na uchafu wote wa injini. Halafu mbolea hiyo uitie kwenye lengalenga (mchicha)? Afadhali ubao mtupu usiopakwa kitu, hata ukioza mapema.

Tena mbao zenyewe zilikuwa mbichi. Kalitusi mbichi hunywea ikikauka, na kwenye kizimba inakauka upande mmoja: ndani mvuke, nje jua na upepo wa ziwa. Ubao unapinda, ncha zinapasuka, misumari inajitoa. Kwa ubao wa sm 2.5 msumari wa sm 6 haushiki sana. Tia wa sm 8, toboa kwanza tundu jembamba kuliko msumari, sm 4 kutoka ncha. Hayo yote yalifuatwa, na ukuta wa mbele ulifunguka kabla kiangazi hakijaisha.

Manjanja (mabati) yabaki kuwa kifuniko cha mvua. Ukiyafanya ukuta hayapitishi hewa, na maji ya mboji yanakula zinki mpaka kutu. Paleti ni nzuri kama ina muhuri wa HT, yaani ilitibiwa kwa joto. Yenye MB ilifukizwa gesi ya sumu, iache hukohuko.

Lakini kwa nini tuhangaike na mbao wakati tumekalia mawe? Juu ya lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 nguzo huichimbii shimo, sululu inaruka tu. Panga mawe bila simenti, unene wa sm 30, pande tatu, ndani ubaki na mita 1 kila upande. Ikipungua mita hiyo joto halikai. Hewa inapita yenyewe, na mchwa hawana la kula kwenye mawe. Mbele simamisha nguzo mbili, uzibane kwa mawe ya ukuta, uteremshe mbao katikati yake, zikiachana sm 2, ili uzitoe wakati wa kugeuza mboji. Ubaya wake ni kwamba mawe yanakula nafasi, na parsele (viwanja) zetu ni ndogo.

Haki yake nimpe: nguzo za sipre alizoniuzia zilikuwa kavu, zimenyooka, na bado zimesimama. Ningempa nyota mbili. Ila nilipomrudishia ubao uliopasuka, alinigombeza kwamba nimeutia maji. Kizimba cha mboji, kisiguswe na maji! Sufuri.